Nilivyolipeleka Duara Durban, na Nilivyolirudisha

Wenzangu, mmeniuliza mara nyingi mno. Naona bora niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, halafu tuyaache. Mnauliza kwa nini duara lililotundikwa kwenye maonyesho ya Mwalimu limechakaa vile kama lililoliwa na mende, na kwa nini mwenye duara hakuja. Mambo ya pasi na tiketi sitayagusa, hayana utamu. Lakini kuna jambo la nyuma lazima niliseme kwanza, maana wengine mliingia chuoni baada yetu.

Mwalimu Mbonde alisoma Ujerumani miaka miwili, akarudi na mafundisho ya shule moja ya zamani ya huko, ambayo haikudumu hata miaka kumi na mitano kabla haijafungwa kwa chuki za watawala. Mwaka wa kwanza hatukushika brashi. Tulipewa karatasi na mkasi, tukaambiwa tutengeneze kitu kinachosimama bila gundi na bila kubakiza kipande cha kutupa. Tulipiga picha bila kamera, kwa kupanga funguo na majani juu ya karatasi ya picha ndani ya chumba cha giza. Tuliandika mabango kwa herufi ndogo tupu, kwa sababu shule ile iliamua kwamba herufi kubwa hazina kazi. Na jukwaani tulicheza tukiwa ndani ya maumbo: mraba, pembetatu na duara. Mabango yalikuwa yangu, mimi Rehema. Ngoma yenyewe aliitunga Espérance, mkimbizi kutoka Uvira, na ndiye aliyevaa duara.

Shule ile ilikuwa na rangi zake: pembetatu njano, mraba mwekundu, duara buluu. Siku moja Mwalimu alitupa karatasi tuandike wenyewe kila umbo lina rangi gani, nasi tukajaza majibu ya Wajerumani ili tupate maksi. Espérance peke yake aliandika kwamba duara ni jekundu. Alipoulizwa sababu, alisema mama yake akimimina mawese kwenye sufuria yanatulia duara, na yeye hajawahi kuona mawese ya buluu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akampa rangi ya unga na gundi, akamwambia akalipake duara lake.

Kisha ukaja mwaliko wa kwenda kucheza Ujerumani, nafasi tatu. Mwalimu alinituma kwa Espérance, Keko, nikamuulize kama karatasi zake za ukimbizi zitakuwa tayari. Sikufika. Nilikaa kwenye kibanda cha soda mwanzo wa mtaa wake, nikanywa chupa mbili, nikarudi nikasema zimeshindikana. Nikaenda mimi. Na kabla ya kuondoka nililipaka duara buluu, ili wenyeji wetu wafurahi. Walifurahi kweli. Espérance akahamia Durban kwa kaka yake, hatukuagana.

Mwalimu alipofariki, chuo kikaamua kumfanyia maonyesho. Nikasema nitakwenda mwenyewe Durban kumleta Espérance alicheze duara lake siku ya ufunguzi, jina lake likiwa ukutani. Nilitaka pia anisamehe, lakini hilo sikumwambia mtu.

Mbezi hadi Tunduma

Duara lile ni fito za henzirani na turubai, upana wake karibu pima moja, na katikati lina tundu la kupitisha mwili. Lina bawaba, kwa hiyo linakunjwa nusu. Nililifunga kwa shuka nikafika nalo kituoni alfajiri, na kondakta akauliza kama ni dishi la televisheni. Nikamwambia si dishi. Akataka kuona. Nilipofungua shuka na nusu ile ya duara ikajitokeza na fito zake, watu waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Huu ni ungo," kondakta akasema. "Mimi sipakii ungo."

Nilianza kueleza habari za sanaa na Ujerumani, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Kilichoniokoa ni mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa viazi wa Makambako, aliyekuwa amekalia magunia yake. Alimtazama kondakta kwa huruma kabisa. "Wewe kijana, kama huu ungekuwa ungo wa kurukia, huyu mama angekata tiketi ya basi kwa shida gani?"

Watu walicheka, na duara likapanda. Mama yule, Mama Tulia, ndiye aliyekuwa jirani yangu kwenye kiti, na mpaka Makambako hakuacha kunitania. Kila basi lilipopunguza mwendo aliniambia nimwazime dereva ungo wangu. Alinilisha viazi vya kuchemsha na chumvi ya kwenye kikaratasi, akataka kujua huyo ninayempelekea ni ndugu yangu. Nikasema ni rafiki. Akauliza mara ya mwisho tumeonana lini, na nilipomwambia ni zaidi ya miaka ishirini na mitano, akasema huyo si rafiki, huyo ni deni. Mimi nilijifanya nimesinzia.

Alipoteremka alinibusu shavuni kama tuliozaliwa tumbo moja. Kiti chake kikabaki wazi mpaka Tunduma, na kwa kukosa wa kuongea naye nikaanza kusoma mabango ya njiani. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Vituo vya mafuta, maduka ya simu, mishale ya barabarani, majina ya mabasi: herufi nyoofu zisizo na mikia, duara na mstari, duara na mstari. Niliona mkono wa shule ile kila mahali. Walioifunga walidhani wameimaliza, kumbe walimu wake walitawanyika duniani na mafundisho yao kwapani, na sasa hata muuza vocha wa Uyole anayo herufi yao juu ya kibanda chake bila kujua.

Zambia, Zimbabwe, na foleni

Sitawachosha na Zambia. Ni ndefu. Tulikula ugali na dagaa wa kukaanga mahali ambapo mwenye hoteli aliniita mama mchungaji, sijui kwa nini, na nikaona haya kumkatalia kwa sababu aliniongezea dagaa. Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, tulisimama siku nzima nyuma ya malori. Abiria walishuka, wakafua, wakaanika nguo juu ya vichaka, na wawili waligombana hadi wakapatana. Mimi nililala chini ya kivuli cha basi nikiwa nimekumbatia duara, nikifanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Espérance. Nilikuwa na hotuba nzuri. Ilikuwa na mwanzo, katikati na machozi.

Beitbridge ndipo hotuba ilipoanza kupungua nguvu. Ofisa mmoja wa forodha, mwanamke mpole mwenye kalamu mbili kwenye nywele, alitaka kujua kitu kile ni nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba ni vazi la kuchezea. Akasema basi nivae, aone. Nikalifungua pale pale mbele ya foleni, nikapita katikati, nikaanza: mzunguko wa kwanza taratibu, wa pili kwa kasi duara likiinuka upande mmoja. Watu wakapiga makofi. Wa tatu nikazunguka tena vile vile, nikasimama, kizunguzungu kimenishika.

Ofisa alisubiri. Akauliza kama ndiyo imeisha.

Nilisema ndiyo, lakini haikuwa kweli. Kulikuwa na kitu Espérance alikifanya kwenye mzunguko wa tatu, kitu kilichowafanya watu wa Dar waache kutafuna karanga, na mimi sikuwahi kukishika. Hata Ujerumani nilizunguka tu kwa kasi zaidi, nikitumaini kasi itaziba pengo. Nimeishi na makofi ya kule miaka yote hii, na ikabidi foleni ya forodha inikumbushe kwamba nilicheza ngoma nusu.

Kwa lori hadi Clairwood

Kwa kuchelewa kule, basi la Durban lilikuwa limeshaondoka tulipofika Johannesburg, na la siku ile lilikuwa limejaa. Kwa mama lishe mmoja Mtanzania karibu na kituo nilimpata Hamisi, mtu wa Tanga, dereva wa lori anayekwenda Durban na makontena matupu. Alinisikia nikilalamika, akasema kwa ustaarabu wa kwao, "Dada, kama hutajali kukaa juu, mimi nateremka Clairwood. Mzigo wako tutaulaza nyuma ya viti."

Njia nzima aliniheshimu kama shemeji. Alizima redio niliposinzia, akanisimulia habari za binti yake anayesoma chuo kikuu cha Westville, ambako anasema kila mtu ana gari na ukionekana unatembea kwa miguu watu wanakuuliza kama umepata matatizo. Tuliteremka milima ya Van Reenen kwenye ukungu, lori likinguruma kwa gia ndogo, na ukungu ulipofunguka nyasi zilikuwa kijani mpaka mwisho wa macho. Nilitamani Mwalimu angeziona.

Clairwood, kule kusini mwa Durban, ni malori juu ya malori, maghala, na harufu ya dizeli. Hamisi alisema hawezi kumwacha mgeni na njaa, akaninunulia mkate wa boflo ulionyofolewa nyama yake ya ndani na kujazwa mchuzi wa maharagwe. Unakula mkate, na mkate ndiyo sahani, na kile kipande kilichonyofolewa ndiyo kijiko chako. Ukimaliza hakuna cha kuosha. Nilikaa juu ya tairi nikiutazama kabla ya kuula. Mwalimu alitufundisha mwaka mzima kwamba kitu kizuri ni kile kisichobakiza cha kutupa, na hapa kulikuwa na watu walioligundua hilo kwa sababu ya njaa ya mchana.

Overport

Teksi ya kwenda Overport Hamisi ndiye aliyeisimamisha, akamwagiza dereva anishushe kwenye mtaa wa maduka. Nilikuwa na jina la mtaa wenye duka la Espérance tu, namba ya duka sikuwa nayo. Sikuihitaji. Kati ya duka la simu na duka la viungo kulikuwa na kibao cheupe, na kabla sijasoma neno nilijua mkono ni wa nani. Herufi ndogo tupu. Kila herufi duara na mstari. Ile alama ya Kifaransa juu ya jina lake ilikuwa kijiti kimoja chekundu. Miaka yote niliyokuwa nikichapa mabango ya viwanja vinauzwa kwa herufi yoyote mteja anayoitaka, yeye aliendelea kuandika kama tulivyofundishwa.

Ndani alikuwa akimsuka mteja, ameegemea kiti kirefu, mguu mmoja ameunyoosha. Amenenepa, nywele zina mvi mbele. Ukutani vishada vya nywele za bandia alikuwa amevipanga mviringo kwa rangi, nyeusi zikiingia kahawia, kahawia zikiingia dhahabu, somo la rangi la mwaka wa pili kabisa. Alinitazama kupitia kwenye kioo. Hakushtuka.

"Rehema," alisema. "Kaa. Huyu namumaliza sasa hivi."

Nilikaa saa mbili. Wateja walimwita Maman Espé, wakazungumza Kiswahili chao chenye Kifaransa na Kizulu ndani yake, na mmoja aliniuliza kama nimekuja kusuka au kubadilisha kioo cha simu. Mteja wa mwisho alipoondoka, Espérance alifunga mlango, akapasha sombe, kisamvu cha kwao, iliyopikwa na mawese kwenye jiko dogo la nyuma, akaweka na wali mbele yangu. Hakuuliza kilichonileta. Ilibidi nianze mwenyewe, na ile hotuba nzuri niliyoitunga Chirundu sikukumbuka hata mstari wake wa kwanza.

Nikamwambia tu. Kwamba siku ile Mwalimu aliponituma, mimi sikufika kwake. Kwamba nilikaa kwa muuza soda nikarudi nikadanganya.

"Minajua," akasema. "Mama ya soda alikuwa voisine, jirani yangu. Alikuya kuniambia jioni ile ile, rafiki yako alikuwa hapa, alikunywa mbili, akarudia njia."

Kumbe alijua tangu siku ile ile. Wiki mbili zilizofuata, kabla hatujasafiri, alinifundisha hatua zake moja baada ya nyingine, akijua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akainua mabega, akasema alikuwa mukimbizi, na mukimbizi akipigania kiti watu wanaona kiti, hawamuoni yeye. Akasema lile alishalisamehe zamani, hata kabla mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Nililia. Nilidhani tumemaliza, na kwa furaha nikasimama kumfungulia zawadi yangu.

Nikalikunjua duara katikati ya saluni.

Espérance aliacha kula. Alilizunguka mara moja, akichechemea. "Hii ni nini?"

"Duara lako," nikasema.

"Langu liko wapi?"

Alikuwa ameona zamani picha ya Ujerumani, akadhani kule tulitengenezewa jingine. Miaka yote aliamini kwamba la kwake liko chuoni, jekundu, limening'inia mahali. Nilipomwambia kwamba ni hili hili, kwamba nililipaka mimi, peke yangu, jioni moja, alikaa chini kwenye kiti cha wateja akajitazama kwenye kioo.

"Safari haikunikata," akasema. "Ujerumani iko baridi, na walimu wa ile shule wenyewe walikimbia kule. Walikuwa réfugiés kama mimi. Lakini hii couleur, Rehema. Mama yangu alikufia Uvira, hata photo yake sina. Nilikuwa na ile rangi tu. Nani alikutuma?"

Hakuna aliyenituma. Nilisema nilitaka wenyeji wafurahi, na nikasikia jinsi inavyosikika.

Akachukua chupa ya asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na pamba. Aliilowesha pamba, akaiweka juu ya turubai, akaibonyeza kwa kiganja, akasubiri. Nje taa za barabarani zilibadilika mara tatu, na yeye bado amebonyeza. Akainua. Pamba ilikuwa buluu, na chini yake palikuwa pekundu, ukubwa wa kiganja, rangi mbichi kama ya jana. Akanionyesha kwa kidevu zile taa za nje, ambazo huko wanaziita robot. "Hata robot inajua. Duara ya juu ni nyekundu."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikamweleza habari za msiba wa Mwalimu na maonyesho, na kwamba nimekuja kumchukua. Akasema kuja hatakuja.

Jumamosi, Clairwood tena

Nilidhani ni mguu wake, au saluni. Alisema nisubiri Jumamosi nitaelewa. Asubuhi hiyo tulikwenda na gari la jirani yake wa duka la simu, Papa Jules, hadi kwenye ghala moja Clairwood ambalo kanisa lao hulikodi kwa sala. Walikuwa wanafanya mazoezi ya mchezo wa Pentekoste. Ndimi za moto zilikuwa pembetatu za maboksi ya mizigo, zimefungwa vichwani. Upepo ulikuwa miraba mitupu, watu wakikimbia nayo. Mchungaji, waliniambia, mwanzoni alipinga sana, akauliza ni malaika wa namna gani hawana mabawa. Siku ile alikuwa ndani ya mraba wa kijani, anatoka jasho, na alikuwa akikosea hesabu kuliko wote.

Espérance alikaa kwenye kiti cha plastiki akipiga makofi ya kuhesabu. Hakusimama hata mara moja. Na katikati ya watu wale akaingia Papa Jules, mtu mzima mwenye kitambi, amevaa duara la boksi lililopakwa jekundu. Akazunguka mara ya kwanza taratibu. Mara ya pili kwa kasi, duara likainuka. Mara ya tatu alianza, halafu akasimama ghafla. Yeye alisimama, lakini duara liliendelea kuyumba kiunoni mwake, kidogo, kidogo zaidi, mpaka likatulia lenyewe kama mafuta kwenye sufuria. Ghala zima likanyamaza. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na kengele yake, na hata hilo halikuharibu.

Ngoma nzima ilikuwa ni kusubiri. Hakuna zaidi. Na mimi mbele ya ukumbi uliojaa Wajerumani nilizunguka kama pia.

Nilielewa kwa nini hakuona sababu ya kuja. Sisi tulikuwa tunatayarisha ukuta wa kumkumbuka Mwalimu, na shule yake ilikuwa hai pale ghalani, ndani ya maboksi. Nilimuomba basi aniruhusu angalau nitundike duara na jina lake. Alikubali kwa sharti moja: liwe jekundu. Alinipa chupa nne za asetoni na mfuko wa pamba, akaushika mkono wangu juu ya turubai kama anavyowashika wasichana wanaojifunza kazi.

"Unabonyeza, unangoja, unainua. Usisugue. Ile ya chini ni unga na gundi, ukisugua inakwenda yote. Hata ikichukua mwezi, ngoja."

Nikamwambia nimeelewa.

Kurudi

Nilianza vizuri, Mungu ni shahidi. Kwenye vituo vyote vya kabla ya Limpopo nilishuka, nikalaza duara kwenye nyasi, nikabonyeza, nikangoja, nikainua. Kondakta alikuwa amenikataza kufungua chupa ndani ya basi kwa sababu ya harufu, na kila kituo kilikuwa cha dakika ishirini. Mpaka Masvingo, ndani ya Zimbabwe, nilikuwa nimepata vipande vitano. Nikapiga hesabu. Ufunguzi ulikuwa siku sita mbele, na lilikuwa limebaki pana kama uwanja.

Chirundu foleni ikatushika tena siku nzima. Nilikaa chini ya kivuli kile kile, nikasema leo namaliza. Nilibonyeza mara kumi. Mara ya kumi na moja nikasugua kidogo pembeni, nione. Buluu ikatoka upesi ajabu, na chini yake turubai ililoa ikaonekana nyekundu iliyokoza, nzuri kabisa. Nikasugua tena. Abiria walikuja kutazama, mmoja akanisaidia kushika fito, mwingine akasema mama unajua kazi. Nilisugua mpaka jua linapinda, nikapita hata juu ya vile vipande vitano ili rangi zilingane. Pale alipobonyeza yeye sikupagusa, palikuwa tayari. Pamba zilikuwa zimegeuka zambarau, nami sikujiuliza zambarau inatoka wapi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka. Nilijiona nimelipa.

Tunduma nilifungua shuka ili nimwonyeshe ofisa wa forodha wa kwetu. Duara lilikuwa limekauka. Ule wekundu wote ulikuwa maji tu. Turubai ilibaki na rangi ya gunia, na madoa ya pinki kama ukurutu, na kwenye mishono buluu iliyong'ang'ania. Sehemu moja tu ilikuwa nyekundu, karibu na tundu, ukubwa wa kiganja.

Ofisa aliuliza kama hii ni taka. Nikalifunga tena kwa shuka, akaniruhusu kupita.

Ndiyo hiyo hadithi, wenzangu. Kondakta wa siku ile angesema ungo umeishiwa nguvu, na ningecheka. Waandaaji walitaka nilipake upya, jekundu, wakasema nani atajua. Nilikataa, na hilo ndilo jambo pekee katika safari yote ambalo silijutii. Kibandiko cha chini niliandika mwenyewe kwa herufi ndogo: duara, kazi ya espérance, jekundu. Mmeona watu wanavyosimama pale wakitafuta huo wekundu.

Nilimtumia picha siku ya ufunguzi. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza nilisikia mashine ya kukaushia nywele, halafu ikazimwa, nikamsikia anavyopumua.

"Ulisugua," akasema.

Nikamwandikia: ndiyo, nilisugua. Tiki zikageuka buluu, na mpaka leo hajajibu.